Giza la Ogwedhi

Kasulu, 11 Februari 2024

Kwa Rispa,

Leo ni Jumapili, na mwezi ujao nitatimiza miaka arobaini tangu nitoke Ogwedhi. Nilitoka Machi 1984, mwaka wa ukame, na tangu hapo sijaukanyaga udongo wa Migori.

Nakusalimu, na kupitia kwako nawasalimu wote wanaoweza kusalimiwa. Sisi huku hatujambo. Mvua ni nzuri, maharage yamekubali, na mke wangu amepona malaria iliyomlaza tangu Krismasi. Vijana wetu wawili wako kazini, mmoja Kigoma na mwingine Tabora, nao ni wazima.

Barua yako aliniletea Japheth, yule muuza vitabu vya kanisa aliyekutajia jina langu. Aliketi akingoja niisome. Nilimpa uji, nikamwuliza habari za safari, na barua nikaisoma baada ya yeye kuondoka.

Unauliza kama mimi ndiye Elkana aliyekuwa na boma chini ya kilima, juu ya mnada wa ng'ombe. Ndiye. Unauliza kama unaweza kunipigia simu. Masikio yangu hayasikii tena simu, nasikia mkoromo tu kama wa redio mbovu, kwa hiyo tuandikiane. Na usinishangae kuandika Kiswahili. Dholuo ninakijua, lakini huku hakuna wa kunijibu, na maneno yangu yamebaki ya kijana wa wakati ule. Kiswahili nilikifanyia kazi. Nilitunza vitabu vya shule moja ya hapa hadi nilipostaafu, na vingi kati ya hivyo nilivisoma.

Japheth ameniambia kwamba ndugu yangu Wesley alifariki. Pokea pole zangu. Alikuwa mdogo wangu, na hakuwahi kumwinulia mtu sauti.

Umetia sahihi "Rispa Elkana". Mama yako hukumtaja. Sijui kama ulisahau.

Habari ya darubini sikuielewa. Unataka kuiweka kwenye boma langu ili itazame nini? Eleza kama unavyomweleza mtu anayesoma lakini hakufundishwa fizikia.

Wako,
Elkana


Mbita, 24 Machi 2024

Kwa Mzee Elkana,

Shikamoo. Natumaini mama wa huko anaendelea vizuri. Sisi ni wazima. Ndhiwa mvua imechelewa, na watu wanapanda mahindi kwa kubahatisha.

Sikusahau kumtaja mama. Sikujua nimtaje vipi kwako. Mama yangu ni Dorah. Ni mzima, ana goti linalomsumbua, na anaishi Ndhiwa, ambako familia yote ilihamia baada ya wizi wa ng'ombe kuzidi kule mpakani. Kwa damu mimi ni mtoto wa Wesley, nilizaliwa miaka sita baada ya wewe kuzikwa. Lakini Wesley mwenyewe ndiye aliyeandikisha jina lako kwenye cheti changu. Alisema aliingia nyumba ya kaka yake, hakujenga yake. Shuleni niliitwa Elkana tangu darasa la kwanza. Kwa hiyo sijui nikuite nani.

Sasa darubini. Nyota kubwa sana inapokufa, wakati mwingine hurusha miale ya gamma kwa muda mfupi kuliko unaohitaji kufunga kamba za viatu. Hewa ya dunia huizuia miale hiyo, kwa hiyo sisi wa chini hatuioni. Ziko setilaiti zinazoihisi, na papo hapo hutuma taarifa duniani: mlipuko umetokea upande huu wa mbingu. Hapo darubini zote ambazo kwao ni usiku hugeuka kutazama. Mlipuko wenyewe umekwisha, lakini umeacha mwanga mdogo unaofifia saa baada ya saa. Mwanga huo ndio unaotueleza tukio lilikuwa mbali kiasi gani, na ni kitu gani kilichokufa. Anayechelewa hukuta giza. Ndiyo maana darubini zinahitajika sehemu nyingi za dunia. Mawingu yakifunika huku, kule kunaweza kuwa kweupe.

Yetu ina kioo cha upana wa ungo. Tumepewa na chuo kimoja cha ng'ambo, na tuliiweka kwenye kilima nyuma ya Mbita. Tulikosea, na kosa ni langu. Tulikagua mahali pale mwezi ukiwa mpevu, ili tuone njia ya kupanda, na ziwa lilikuwa jeusi kabisa. Mimi ni mtu wa Ndhiwa, mla omena, dagaa za ziwa letu, asiyejua zinavuliwaje. Wavuvi wa omena hawatoki mbalamwezi ikiwepo. Mwezi ulipotoweka tulifungua paa, nasi tukaona ziwa lote limewaka taa, mamia, kama mji umejengwa majini. Usiku wetu mzuri kabisa ndio usiku wao wa kazi. Mvuvi mmoja aliniuliza, "Dada, kwani hamkuwauliza hata samaki?"

Tumezunguka Migori na Homa Bay yote tukipima giza. Mahali penye giza kuliko pote ni Ogwedhi, kwenye gunda lako, boma lile lililohamwa. Majirani wote wana taa za sola, ila pale hakuna aliyejenga, kwa sababu pana kaburi lako. Baba mkubwa Maranga, binamu yako, anasema jembe haligusi ardhi ambamo mtu amelala kabla ya mwenyewe kuruhusu.

Wenye darubini wametupa hadi mwisho wa mwaka. Tukikosa mahali, itafungwa kwenye masanduku ipelekwe nchi nyingine. Nimesoma miaka mingi ili nifanye kazi hii hapa kwetu, nisiwe wa kusoma matokeo ya wenzangu.

Nilidhani jambo ni rahisi. Kama hujalala pale, kaburi si kaburi. Naomba ruhusa nimwambie Maranga kwamba u hai.

Rispa


Kasulu, 19 Mei 2024

Kwa Rispa,

Nimefurahi kujua goti ndilo tatizo pekee. Mpe pole bila kusema imetoka kwa nani.

Barua yako ilikaa Sirari karibu mwezi mzima, kwa maana dereva wa basi aliugua. Nimeisoma ile sehemu ya omena kwa sauti, na mke wangu amecheka hadi akashika ukuta. Yeye ni Mha, anajua dagaa wa Ziwa Tanganyika, na anasema hata mtoto wa Ujiji angewaambia.

Nina maswali. Kama mlipuko ni wa muda mfupi hivyo, nani huigeuza darubini? Mnalala hapo? Na mnajuaje kwamba kinukta mlichokiona ni kipya, wakati mbingu imejaa vinukta? Nijibu vizuri, kwa maana nimekwisha kumweleza mwalimu mmoja mstaafu hapa, na ananibishia.

Kilima kilicho juu ya boma langu nakijua. Upande wa mashariki una mwamba mrefu, na chini yake pana maji hata Januari. Msijenge karibu na maji, nyoka hushukia hapo. Upepo hutoka upande wa Narok saa za jioni na huleta vumbi jekundu. Vioo vyenu mvifunike.

Kuhusu Maranga, naomba usimwambie. Usimwambie yeye wala mtu mwingine, na zaidi ya wote usimwambie mama yako. Sababu nitakupa, si leo.

Unauliza uniite nani. Cheti kimekwisha kusema.

Elkana


Ndhiwa, 7 Julai 2024

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua yako ya Mei imefika jana. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi, kwa sababu nilikwisha kumwambia Maranga. Nilingoja wiki nane bila jibu, nikachukulia kimya chako kuwa ruhusa. Nisamehe.

Nilienda kwake Ogwedhi pamoja na Liz, mwenzangu wa kazi, mtu wa Kisii. Kwa sababu yake tulizungumza Kiswahili. Maranga alinisikiliza akichokoa meno.

"Kwa hiyo huyo mtu anapumua," akasema.

"Anapumua, Baba."

"Na chakula anakula?"

"Anakula maharage."

"Basi mimi nilinyolewa bure. Mwambie. Nililia hiyo matanga mpaka sauti ikapotea, wakaninyoa kichwa yote, na nywele yangu haijawahi kurudi vizuri. Angalia." Akainama atuonyeshe.

Liz akauliza, "Mzee, kama ndani ya kaburi kuna tunda peke yake, si tunajenga pembeni?"

"Wewe binti, kwenu Kisii mnazika matunda?"

"Hapana."

"Basi ngoja kwanza." Akamweleza kwa upole jinsi mtu wetu akipotea na mwili usionekane, linavyochumwa tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, likavishwa shuka na kuzikwa mahali pake, na linavyoliliwa kama mtu. "Ni yeye tulizika. Si mchezo."

Kisha akanigeukia. "Alipokuwa amekufa, boma ilikuwa ya marehemu. Sasa unasema yuko hai. Basi ni ya mtu hai, na mwenyewe hajasema kitu. Aje. Asipite kwa lango, apite kwa upenyo nyuma ya ua. Tuchinje kondoo, achimbe hiyo yago kwa mkono yake, aitupe. Akimaliza, aseme jenga. Nitabeba mawe mimi mwenyewe."

Ameahidi kunyamaza mpaka uje. Mama sijamwambia. Aliniuliza jana kwa nini naenda Ogwedhi kila wiki. Nikamwambia ni kazi. Akasema, "Kazi kwenye gunda?" na akaendelea kuchambua mboga.

Baba, njoo. Ni siku chache tu. Nitakungoja Sirari mwenyewe.

Majibu yako: hakuna anayeigeuza darubini. Taarifa huingia kwenye kompyuta, paa hujifungua lenyewe, nayo hugeuka kabla mtu hajaacha kijiko. Na kinukta kipya tunakijua kwa kulinganisha picha yetu na picha ya zamani ya mahali hapo hapo. Kilichoongezeka ndicho tunachokitafuta. Kikiwa kinafifia, ni chenyewe.

Binti yako,
Rispa


Mbita, 6 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo, natumaini u mzima. Mama hajambo.

Sijapata jibu lako, wala sijui kama barua ya Julai ilifika. Chuo kimeuliza vipimo vya masanduku. Liz amewapa vipimo visivyo sahihi ili kupata muda, lakini hilo haliwezi kuendelea.

Kama hutaki kuja, sema hutaki. Nitavumilia hilo kuliko kimya.

Rispa


Kasulu, 22 Septemba 2024
(Imepokewa Ndhiwa, 10 Novemba)

Nyara, binti yangu Rispa,

Wasalimu wote. Huku tumevuna, na mwanangu wa Tabora amepata mtoto wa kike. Mke wangu amekwenda kumwogesha, kwa hiyo najipikia na kula vibaya.

Barua yako ya Julai nilikaa nayo kabla ya kuijibu. Hukukosea kumwambia Maranga. Kuchelewa kwa barua si dhambi ya mtu. Lakini sasa lazima nikupe ile sababu.

Machi ile ng'ombe wetu waliibiwa alfajiri, nasi tukafuata nyayo, vijana tisa. Siku ya pili tulipigwa risasi vichakani. Mimi nilipata ya paja, nikatumbukia kwenye korongo, na wenzangu waliniona nikianguka bila kuinuka. Waliposema nimekufa, walisema walichokiona. Wafugaji walionipata walinitunza kambini kwao, wakihama nami, hadi mguu ukakubali kunibeba. Hilo lilichukua karibu mwaka.

Nikafika Tarime nikiwa njiani kurudi nyumbani. Sokoni nikakutana na muuza kamba mmoja aliyekuwa akienda mnada wa Ogwedhi. Nilikuwa nimekonda na nina ndevu, hakunijua. Nikamwuliza habari za kule kama mpita njia. Akasema, "Kuna kijana alifuata ng'ombe, hakurudi. Wamemzikia yago." Nikamwuliza kama aliacha mke. Akasema, "Alimwacha, lakini yule mwanamke amebahatika. Mdogo wa marehemu amemwingia nyumbani, na ni mtu mpole. Hata amenenepa kidogo."

Nilinunua kamba kwake ili nisionekane nimesimama bure. Kisha nikapanda lori la Mwanza.

Rispa, wewe umesoma mambo ya nyota, na haya nayo ni ya kusomwa vilevile, hatua kwa hatua. Mjane huingiwa na shemeji yake, na hiyo ni heshima. Mke wa mtu aliye hai akiingiwa na shemeji yake, hiyo kwa watu wetu ni chira, laana ya kuvunja mwiko, na chira haimuulizi mtu kama alijua. Ningepita lile lango, mama yako angekuwa nini? Wesley angekuwa nini? Wewe na ndugu zako mngeitwa watoto wa nani? Yago lile ndilo lililofanya nyumba yenu kuwa nyumba. Maranga anataka nilichimbe na kulitupa. Anadhani nitakuwa natupa tunda.

Kwa hiyo sitalichimba. Lakini darubini yako sitaki ifungwe kwenye masanduku.

Maranga amekosea jambo moja, na nadhani ni furaha iliyomchanganya. Kama mimi ni marehemu, boma lina mwenyewe. Mjane ndiye mwenye nyumba. Anayeweza kusema jenga ni mama yako peke yake, na alikuwa na uwezo huo tangu siku niliyozikwa. Hamkumwuliza, kwa sababu mlikuwa mkimtafuta mwanamume wa kuwaruhusu.

Mwombe Maranga ayameze yale uliyomwambia. Kisha mwombe mama yako, kwa unyenyekevu, kama mtu anayeomba ardhi. Usimwambie habari zangu. Akikataa, amekataa, na sote tutanyamaza.

Elkana


Ogwedhi, 5 Januari 2025

Wuora,

Heri ya mwaka mpya, Baba. Hongera ya mjukuu. Natumaini mama amerudi kutoka Tabora na unakula.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye mfuko wa saruji. Ndiyo, Ogwedhi.

Barua yako ya Septemba ilifika Novemba, baada ya mimi kukutumia ile yangu ya hasira. Isome kisha ichome. Nilimpelekea Maranga maneno yako, si barua. Alijipapasa upara. Nilidhani ananikasirikia.

"Elkana alikufa," akasema mwishoni. "Mimi mwenyewe nilinyolewa."

"Ndiyo, Baba."

"Huyo Japheth anauza vitabu. Vitabu iko na hadithi mingi." Akanipa maziwa, na hajaligusa jambo hilo tena.

Kisha nikarudi Ndhiwa kwa mama. Nilipiga magoti, naye akaniuliza kama nimeanguka. Nikamweleza darubini, giza, muda unaokwisha, na kwamba gunda ni lake kulitoa au kulikatalia. Asubuhi yake nilimkuta amevaa viatu vya kanisani. "Twende," akasema.

Maranga alikuwa pale na wazee wawili. Mama alisimama kwenye lile pengo lililokuwa lango, akaegemea fimbo.

"Shemeji, boma hili liliachwa na nani?"

"Mume wako, marehemu."

"Aliniachia mimi au alikuachia wewe?"

"Wewe, shemeji."

"Basi mwaka mzima mlikuwa mnamngoja nani?"

Maranga akatazama kilima. Mama akaingia, akainua pindo la nguo lisishikwe na miiba, akatembea polepole kwa sababu ya goti hadi karibu na ule mwamba mrefu. Liz akamwonyesha mahali alipodhani panafaa, penye tambarare. Mama akasema, "Si hapo. Hapo pana mtu." Akasonga mbele kidogo, akachomeka fimbo ardhini. "Hapa."

Msingi tumeuchimba hapo kabla ya mwaka kwisha, na chuo kimekubali kungoja. Maranga alibeba mawe matatu, kisha akasema mgongo wake ni wa mzee, akawa msimamizi.

Jambo la mwisho ni hili, na naliandika kama lilivyotokea. Tuliporudi Ndhiwa mama alitoa samaki wakavu niliokuwa nimemnunulia Mbita, akawafunga kwenye karatasi, kisha kwenye kitambaa.

"Mpe Japheth," akasema. "Apeleke kwa yule unayemwandikia."

"Mama, namwandikia nani?"

"Sijakuuliza."

Akafunga fundo, akalikaza kwa meno. Nilipofika mlangoni akasema, "Mwambie alililiwa vizuri."

Binti yako,
Rispa


Ogwedhi, 23 Februari 2025

Wuora,

Shikamoo. Mama hajambo, goti limepoa kwa sababu ya kiangazi. Maranga hajambo. Liz hajambo, ila amevunja sahani.

Alhamisi jioni tulikuwa ndiyo tunaanza kula. Hakuna wingu, na vumbi lako jekundu lilikuwa limetulia. Kompyuta ikalia. Tulikwisha kuisikia ikilia mara nyingi kwa majaribio, kwa hiyo Liz akasema, "Wacha nimalize samaki." Kisha tukasikia paa likifunguka. Kwenye majaribio paa hatulifungui. Hapo ndipo sahani ilipoanguka.

Tulipofika kwenye kibanda darubini ilikuwa imekwisha kugeuka na kuchukua picha ya kwanza. Niliiweka kando ya picha ya zamani ya upande ule ule, mashariki mwa mbingu. Mikono ilikuwa inanuka samaki. Nyota zote zilikuwa mahali pake, na katikati yao palikuwa na kinukta kimoja ambacho hakikuwepo. Nilisubiri picha ya pili, na ya tatu. Kilikuwa kinafifia kama hesabu zinavyosema kitafifia.

Kusini mwa Afrika na Asia kulikuwa na mawingu usiku ule, na wa Ulaya bado jua lilikuwa halijatua kwao. Kwa karibu saa nzima hakuna mwingine duniani aliyekuwa akikitazama ila sisi. Tulituma mahali kilipo, na darubini kubwa ng'ambo ikakipokea kwetu kabla hakijapotea, ikapima umbali. Mwanga ule ulisafiri zaidi ya miaka bilioni kumi. Ulipoanza safari, hii dunia tunayopigania mipaka yake haikuwepo. Kwenye taarifa iliyokwenda kwa wanasayansi wote, kituo cha kwanza kilichoandikwa ni Ogwedhi. Chuo kimeandika kwamba darubini inabaki.

Nilipokuwa nautazama nilikufikiria. Kitu kilichohesabiwa kimekufa zamani, na bado kinaleta mwanga. Liz anasema nimeanza kuongea kama mhubiri.

Maranga ana mpango. Anasema uje kama fundi wa darubini kutoka Tanzania. Hatakutambua, anasema, na amekwisha kufanya mazoezi. Jana alinionyesha: alinipa mkono akasema, "Karibu fundi, jina lako ni nani?" na machozi yakamtoka papo hapo. Kwa hiyo anahitaji mazoezi zaidi.

Hakuna atakayechimba kitu. Utaingia kama mgeni, utatazama kwenye darubini, utakula, utarudi. Unasemaje?

Rispa


Kasulu, 30 Machi 2025

Nyara,

Salamu kwa wote. Sisi tu wazima, na mtoto wa Tabora ameota meno mawili. Wamempa jina la kanisani la Rispa. Niliwaomba, hawakuuliza sababu, nao wanakusalimu.

Samaki walifika wakiwa wakavu na wazima. Mke wangu aliwapika kwa maziwa, nilivyomwelekeza. Alinitazama nikila, kisha akauliza kama aliyewafunga ni mwanamke. Nikasema ndiyo. Akauliza kama ni mzima. Nikasema ndiyo. Akaniongezea ugali.

Habari ya Alhamisi yenu nimeisoma hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nimempelekea yule mwalimu mstaafu. Alikuwa akinibishia kwamba paa haliwezi kujifungua lenyewe kwa habari iliyotoka angani, na sasa anasema alijua tangu mwanzo. Tulitoka nje sote wawili tukatazama upande ule wa mbingu ulioniandikia. Hatukuona kitu, kama ilivyopaswa, na tulikaa pale hadi wake zetu walipotuita. Sijawahi kujivunia jina langu kama siku hii, kwa kuwa ndilo unalolibeba.

Ila naomba usinifananishe na nyota. Nyota ile imekufa kweli. Mimi nilizikwa tu.

Mwambie Maranga aache mazoezi, atajiumiza. Angeshindwa, nami ningeshindwa kabla yake. Mtu anaweza kuvaa koti la fundi, lakini hawezi kupita mbele ya wazee waliomlilia na mguu unaochechemea akaitwa fundi. Neno moja tu lingeteleza, na watu wangeanza kuhesabu upya miaka ya mama yako. Ameishi miaka hiyo vizuri na kwa haki. Amekaa kwenye nyumba isiyo na doa, amewazaa ninyi, na sasa amesimama langoni akasema jenga, na hakuna aliyethubutu kumwuliza ni nani. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka nilipopanda lile lori, na sikujua kama nilikipata hadi uliponiandikia.

Mwambie nimesikia kwamba nilililiwa kwa machozi mengi, na kwamba samaki walikuwa na chumvi ya kutosha. Au usimwambie kitu. Atajua.

Wewe endelea kutazama. Utakapopata mlipuko mwingine niandikie saa yake na upande wake, nami nitatoka nje. Niandikie pia ukikosa, ukae miezi mawingu yakiwa yamefunga, kwa maana nadhani kazi yenu ni hiyo zaidi. Wana wangu wanataka kuja kuwaona Desemba, kama wageni kutoka Tanzania wanaopenda nyota. Wapokeeni. Wao hawana wa kuwatambua, na wanacheka kama Wesley.

Mahali mama yako aliposema pana mtu, pafyekeni majani kila mwaka, na msimwondoe. Mimi sitarudi.

Baba yako,
Elkana